Zamu ya Maji Uliyoondoka Nayo

Baba, kamwene. Na usidhani kwa salamu hiyo nimepoa. Nimekukasirikia tangu tulipokuzika, na leo nasema.

Miche yetu ya mpunga ilikauka, Baba. Tukiwa bado tumekaa kwenye mikeka tunakulilia, jua la Madibira lilikuwa linachoma kitalu chetu mpaka udongo ukapasuka. Wewe ndiye uliyekuwa unapanga zamu za maji kwenye mfereji wetu. Wewe ndiye uliyesisitiza kwamba mfiwa hashiki jembe, zamu yake ikifika anafunguliwa maji na wenzake. Kila nyumba iliyopata msiba ulikwenda mwenyewe kuwafungulia. Msiba wako ulipofika, hakwenda hata mmoja!

Nikamfuata Baba Neema, jirani yetu wa jaruba la chini, ambaye maji yetu yote yalimwishia yeye. Nilimwakia kweli kweli. Akanijibu, "Sasa binti, mimi ningejuaje kama ni zamu yenu? Aliyejua ni marehemu." Nilitaka kumtukana, nikageuka nikarudi nyumbani, maana ni kweli. Zamu zote, nani kampisha nani, ulivibeba peke yako. Nilipokuambia tuandike kwenye simu ulinicheka: "Simu ni ya kupigia, mama. Haya yako kichwani." Kichwani! Na kichwa umeondoka nacho.

Kikundi cha mfereji kikanitwisha mimi kazi yako. Eti, wewe si binti yake? Nikaanza kutafuta programu ya simu, kitu chepesi tu, niandike maelezo, niweke siku, inikumbushe. Weee! Ya kwanza ilitaka barua pepe na neno la siri kabla sijaandika jina la mtu. Nyingine ilijaa rangi na mishale, halafu ikataka niilipie kila mwezi. Nikapata moja nzuri, kumbe bila bando haifunguki, na pale mferejini unajua mwenyewe mtandao ulivyo. Nusura niitupe simu majini. Nilipokwenda Iringa kwa shangazi nikapita Mlandege kwa Zuhura, yule fundi simu niliyesoma naye. Akaniacha nifoke mpaka mwisho, akasema, "Shoga, wewe unahitaji daftari na alamu tu." Akaniwekea programu isiyo na mbwembwe. Unaandika, unachagua siku, basi.

Nayo ina ujinga wake. Inauliza kama zamu ijirudie kila wiki. Haiulizi nani amefiwa. Hilo nimeliandika mwenyewe chini ya kila jina: akifiwa, nani amfungulie. Niliandika huku nalia kwa hasira, kwa sababu ungeweza kunitajia yote hayo ukiwa hai, tumekaa jikoni tunatafuna mahindi, nikikosea unanisahihisha.

Sasa sikia. Juzi Baba Neema kafiwa na mama yake, na kesho ni zamu yake. Wapo wanaoninong'oneza nimwache naye aonje. Natamani, Baba, sikufichi. Natamani sana. Lakini nikifanya hivyo, ule utaratibu wako utakuwa umekufa pamoja na wewe, na huo sikubali uende nao kaburini. Nitakwenda. Nitamfungulia, nisimame pale mpaka jaruba lake lijae.

Halafu matanga yakianuliwa nitamfuata nyumbani kwake. Nitaomba simu yake, nimwekee programu ile ile na zamu zote ndani, yetu ikiwa ya kwanza. Akitoka yeye naenda kwa anayefuata, mpaka niumalize mfereji mzima. Watakaonicheka wacheke.

Bado nina hasira na wewe, na nakukumbuka kila siku. Pumzika, Baba. Ahadi yangu ni hii: siku nikifa mimi, simu zitalia mferejini kote, na mtu atakwenda.