Oili Niliyomchagulia Baba

Dada mpendwa,

Nina jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, na linagusa uchumba wako. Lakini nikilianza bila salamu utadhani kuna msiba. Hujambo? Masomo ya uuguzi yanakwendaje, na ule mguu ulioteguka umepona? Huku sisi ni wazima wa mwili, ila nyumba nzima imenuna.

Barua hii Baba ndiye aliyeniagiza. Anasema jambo kama hili halisemwi kwenye simu, na kwa kuwa mwandiko wake hata yeye unamshinda kusoma, nimshikie kalamu. Nikuambie kwamba fundi wako hamtaki tena. Uchumba basi. Sasa hivi Baba yuko nje anapakia kreti za mikate, na akimaliza atakuja kuisoma kabla hatujaifunga.

Chanzo ni pikipiki yake ya kusambazia mikate. Fundi alipoifungia pleti mpya za klachi, zile zinazoshikana kupeleka nguvu ya injini kwenye tairi, Baba alimsifu kwa majirani mpaka tukaona haya. Siku hizi ikifika kwenye kilima cha shule, injini inapiga kelele na tairi halina habari. Juzi aliisukuma na mikate yote, watoto wakimshangilia na kumuuliza nani kambeba mwenzake. Alirudi amelowa jasho, akasema mkwe gani huyu anayemfungia mzee wake pleti bandia.

Fundi aliitwa, akaja. Akauliza kwa upole imewekwa oili gani. Baba akafoka kwamba oili aiache kama ilivyo, imechaguliwa na mwanawe anayesoma lugha mbili, si mtu wa kubahatisha. Fundi akanigeukia, akanitania kama kawaida yake, eti Shemeji Bubu leo nisemee japo neno moja. Nikatazama viatu vyangu. Akakusanya spana zake akaondoka, na tangu hapo hajakanyaga hapa.

Dada, oili niliyonunua ni ya gari.

Baba alinituma ya pikipiki. Duka lilijaa madereva. Nikaona chupa yenye lebo ya dhahabu, imeandikwa kwa Kiingereza kwamba hakuna inayopunguza msuguano kama hiyo, nikaona ndiyo bora. Muuzaji akapaza sauti: wewe msomi, hiyo ya gari, gari lako umeliegesha wapi? Watu wakaangua kicheko. Neno pikipiki tu lingetosha. Mimi nikainyooshea kidole chupa ileile, nikalipa, nikatoka karibu kukimbia, nikijiambia injini ni injini.

Klachi ilipoanza kuteleza ndipo nikasoma maandishi madogo ya nyuma: isitumike kwenye pikipiki ambayo klachi yake inaoga oili ileile ya injini. Ule utelezi niliouona kuwa sifa ndio unaozinyima pleti kushikana. Chupa nikaitupa jalalani.

Kwa hiyo huenda pleti za fundi hazina kasoro yoyote. Imwagwe hii oili, itiwe inayotakiwa, kisha ndipo watu walaumiane. Siogopi kipigo; Baba hapigi. Naogopa uso wake, maana alijivunia mimi mbele ya fundi, kisha akamkataa. Nilifikiria kukuandikia haya kwa Kiingereza, ambacho Baba hakijui, kisha nimwambie nimeandika kila alichosema. Angeniamini bila kuuliza, na hapo ndipo kalamu ilipogoma.

Mama anakusalimu sana, anasema ule, usijikondeshe. Msalimie na mwenzako wa chumbani. Fundi ukimpata kwenye simu, mwambie shemeji yake anamwomba radhi, na kwamba safari hii lile neno moja atalitamka mwenyewe.

Kreti ya mwisho imegonga nyingine. Baba anakung'uta viatu mlangoni, sasa yuko ukumbini, anakuja. Nilikuwa nimeifunika karatasi kwa mkono. Nimeuondoa.

Mdogo wako akupendaye,
Bubu