Dirisha la Malalamiko Limenyamaza

S.L.P. 318,
Ruiru.
14 Septemba 1997

Mpendwa mdogo wangu Tahir,

Assalaam aleikum. Hujambo huko Jeddah? Mgongo wako je, umepoa? Na wifi yangu Mwanarusi, bado anakudekeza? Mimi mzima wa mwili, Alhamdulillahi. Baridi ya Ruiru imekataa kuondoka na nguo hazikauki. Tangu Farhiya wangu aolewe Eldoret, napika kikombe kimoja cha mchele, na hicho nacho kinabaki.

Unalikumbuka dirisha langu pale kiwandani Thika, la kupokea malalamiko ya wafanyakazi? Kesi zote sasa ziko kwenye kompyuta. Fundi wa programu, anaitwa Bedan, alikaa nami wiki tatu akiuliza watu wanasumbuka wapi. Nikamwambia ukweli: mtu anaacha mashine yake, anapanga foleni saa nzima, halafu anauliza tu kesi imefika wapi. Basi akaipa kila kesi namba, na kila Ijumaa orodha inachapishwa na kubandikwa kantini. Maneno yake ya kisheria niliyakataa. Nikamchagulia Kiswahili cha watu: imepokelewa, inachunguzwa, imeamuliwa.

Ikafanya kazi kupita kiasi. Foleni ikaisha. Wale waliokuwa wakinisimulia watoto wao na mahindi yao ya kule Ngoliba nikiwatafutia faili, hawakuja tena. Nilikuwa nikifika saa saba mchana sijamsikia mtu akiniita jina.

Sasa nikwambie aibu yangu, na usimwambie mtu. Bedan aliporudi aliniuliza, "Mama Farhiya, kuna kitu ingine tuongeze?" Nikasema kila mtu awe anakuja dirishani kila mwezi kuthibitisha namba yake, la sivyo itoke kwenye orodha. Nilimdanganya kwamba ni kwa ajili ya usafi wa kumbukumbu. Akaweka. Watu wakarudi, na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikawa nakuja na mahamri.

Mwezi uliopita akaja Mbithe wa kitengo cha nyuzi, aliyeumia kidole gumba. Alikuwa anaomba ahamishiwe kazi nyepesi. Hakujua habari ya kuthibitisha, namba yake ikatoka. Wiki mbili alidhani amekataliwa. Akaniambia, "Nilijua mumenitupa, mama. Nikaanza kufunga vitu nirudi kwetu." Hata hakuwa amekasirika. Nilitamani ardhi inimeze.

Siku hiyohiyo nilimpigia Bedan simu aiondoe ile sheria, nikamweleza na sababu. Akasema, "Pole, mama." Jumatatu alikuja akaiondoa.

Juzi Ijumaa kesi ya Mbithe iliamuliwa, amepewa kazi ya kukunja vitambaa. Nilimwona kwa mbali akisoma orodha. Akashika shavu, akacheka peke yake, akarudi kazini. Kantini na dirisha langu ni hatua ishirini tu. Hakuwa na haja ya kuja, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, lakini nilikuwa nimeshasimama.

Tahir, nina upweke. Sijawahi kukwambia hivyo. Miaka minne hujaja, na mimi ndiye niliyekuwa nikikuandikia kwamba niko sawa, usijisumbue. Nilikudanganya. Jisumbue.

Nisalimie Mwanarusi na wapwa wangu, na mzee Uthman jirani yenu. Mungu awafunike kwa rehema zake na akufungulie njia ya nyumbani.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Zubeida