Laini Ilikuwa Wazi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi za upendo zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na wote mlio nao. Natumaini mguu wako umepata nafuu, na kwamba umeacha ule ukaidi wa kupanda kiti ili ufute vumbi juu ya kabati. Mimi sijambo, nashukuru, ila magoti yananisema kila ninapoinuka. Hayo nayachukulia kama kawaida; gari la zamani halikosi kelele.

Najua barua hii utaigeuzageuza mkononi, uutazame mwandiko, ujiulize kwa nini dada mwenye simu mbili ndani ya nyumba ameamua kwenda kutafuta stempu. Nitakueleza. Ila uniache nifike taratibu, unanijua nilivyo.

Kustaafu, mdogo wangu, si kama tulivyokuwa tukiota. Huu ni mwaka wa nne, na bado naamka saa kumi na moja alfajiri. Naoga, navaa, nachana nywele, halafu nakumbuka kwamba sina pa kwenda. Basi nakaa dirishani naukagua mtaa kama mkubwa wa zamu. Fundi cherehani wa ng'ambo hufungua saa mbili na robo. Juzi alifungua saa tatu, nikatoka mpaka kibarazani kumuuliza kulikoni. Akanijibu kwa adabu zote kwamba hata mke wake hajamuuliza swali hilo. Nikarudi dirishani kwangu.

Wiki ile ile nilipita pale palipokuwa na ofisi yetu ya simu. Siku hizi ni duka la magodoro. Niliingia tu kuchungulia, lakini muuzaji, kijana mchangamfu, akanishika mkono akasisitiza nijaribu moja. Nikalala chali. Pale pale, mdogo wangu, ulipokuwa ubao wa mitambo, mahali ambapo kusinzia dakika moja kulikuletea barua ya onyo! Niliyatazama yale madirisha ya juu, ni yale yale, nikatuona wasichana kumi tumeketi mstari mmoja, visikizio masikioni, mikono inapishana na nyaya kama watu wanaosuka mkeka mmoja. "Namba, tafadhali." "Subiri kidogo, naunganisha." Mji mzima tuliujua kwa sauti. Tulimjua daktari kwa kukohoa kwake kabla ya kutaja namba. Mwalimu mkuu tulimjua kwa makelele, maana aliamini kwamba mtu akiwa mbali ni lazima umpazie sauti. Muuzaji akaniuliza kama godoro limenikaa vizuri, maana aliona nimetokwa na machozi. Nikamwambia limenikaa vizuri mno.

Leo watu wanatembea barabarani wakicheka peke yao. Zamani mtu wa hivyo tungemtafutia ndugu zake. Na hakuna anayejua namba ya mtu. Binti yangu mwenyewe hajui yangu kwa kichwa. Anagusa picha yangu, tena ile niliyopigwa nikiwa nimefumba macho.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Mwezi uliopita ofisi ya wastaafu ilitutumia ujumbe kwamba kila mstaafu apige simu athibitishe kuwa bado yu hai. Nikapiga. Akapokea mwanamke mwenye sauti nzuri, sauti iliyofundishwa, nikafurahi. Nikamsalimia, nikamuuliza habari za kazi, nikamwambia mimi nami nilikuwa kwenye fani hiyo hiyo. Akawa anaongea juu ya maneno yangu, hata hanipi nafasi. Kumbe binti yangu yuko jikoni ameshika ukuta kwa kicheko. "Mama," akasema, "hiyo ni mashine!" Mashine ikaniambia kama mimi ni mstaafu nibonyeze moja, kama ni mrithi wa mstaafu nibonyeze mbili. Kidole kikateleza kwenye mbili. Nikapewa pole kwa msiba.

Nilianza upya. Safari hii nikaambiwa nisubiri, kwani simu yangu ni muhimu sana kwao. Dakika kumi za kwanza nilicheka. Miaka thelathini na sita niliwaambia watu wasubiri. Ilikuwa haki na mimi nionje. Lakini dakika zikasonga. Nusu saa ikapita, simu i sikioni, na mimi nimenyamaza kama mwanafunzi, naogopa hata kukohoa nisije nikaitwa nisisikie. Ndipo marehemu baba akanijia akilini. Alinijia wazi kabisa, na kofia yake, amesimama. Nikaishusha simu mezani kabla sijathibitisha lolote. Binti yangu akauliza wamesemaje. Nikamwambia laini imekatika.

Ulikuwa uongo, na haukuwa wangu wa kwanza wa namna ile. Kama umesimama, mdogo wangu, keti.

Unaikumbuka ile miaka miwili ambayo baba hakutaka jina lako litajwe, baada ya wewe na shemeji kwenda kufunga ndoa serikalini bila kumwambia mtu. Mama alikwisha kutangulia mbele ya haki. Mimi ndiye niliyekuwa nikienda kila Jumamosi, mtoto mgongoni, nikimfulia, nikimpikia chakula cha siku mbili tatu, nikimpakia mafuta randa na patasi zake za useremala zisishike kutu. Hakuniambia ahsante hata mara moja. Sikumlaumu, baba hakuwa mtu wa maneno. Wala hakuwahi kunipigia simu, miaka saba nzima niliyokuwa nimekaa kwenye ule ubao. Alisema simu ni ya watu wenye shida.

Jumanne moja, saa tisa mchana, kitaa cha posta ya kule nyumbani kikawaka mbele yangu. Nikachomeka waya, nikasema, "Namba, tafadhali." Nikasikia pumzi, halafu mguno ule wake wa kupima mbao. Moyo ukaniruka kwa furaha. Nikajua leo baba amenikumbuka.

"Baba, ni mimi!"

"Najua ni wewe," akasema. "Niunganishie kitindamimba wangu, pale kiwandani kwa mumewe."

Ni hayo tu. Hakuniuliza hujambo. Hakumuulizia mtoto.

Kitaa cha kiwanda kilikuwa kimezima, yaani laini ilikuwa wazi. Ilibaki kuchomeka waya mmoja tu. Shemeji angekuita, na nyumba yenu ilikuwa nyuma ya ukuta wa kiwanda, usingechukua dakika tano. Waya ulikuwa mkononi mwangu. Nikasema, "Laini ina mtu, baba. Subiri kidogo."

Nikawahudumia wengine. Kila nilipomrudia nilimkuta yupo. Akiuliza "Bado?" nami namjibu "Bado, baba." Alisimama saa nzima, kwa maana kile kibanda cha posta hakikuwa na kiti, na wewe unaijua miguu yake. Mwishowe akasema karani anafunga. Akanipa salamu nikufikishie. Akasema amesikia una mimba, na kwamba amekwisha kuchonga kitanda cha mtoto. Hakileti, uje ukichukue mwenyewe.

Nilikusudia kukufikishia. Nilitaka tu uchelewe kidogo, wiki moja hivi, nawe uonje kuwa mtoto asiyeuliziwa. Siku ya tisa baba akaanguka karakanani, na hakuinuka tena.

Siku ya mazishi ulinivuta nyuma ya nyumba, ukaniuliza kama baba aliwahi kukutaja. Nikakuambia hapana. Ningesemaje wakati ule? Hivyo ndivyo nilivyojitetea kwa miaka thelathini na mitatu. Na yule jirani aliyetoka karakanani amebeba kitanda kidogo chenye maua yaliyochongwa kichwani, ukampisha mlangoni na tumbo lako la miezi saba ukidhani ni kazi ya mteja, kitanda kile nilimpa mimi. Nilitaka kitoke machoni pangu.

Tangu hapo nimekusikia mara nyingi ukisema baba alikufa na hasira juu yako moyoni. Nimeona nyumbani kwako picha ya kila mtu isipokuwa yake. Na mimi nakaa kwenye kiti chako, nakunywa chai yako, nakwambia, "Wazee ndivyo walivyo, mdogo wangu, usilichukue moyoni." Umeniita mama yako wa pili mbele ya watu. Siku hiyo nilikwenda uani nikajifanya natafuta sabuni.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu naijua mno. Ningesikia umenyamaza, ningesingizia mtandao. Sikuombi unisamehe upesi, na sitamtuma mtu aje kunisemea. Ukitaka kuja kunigombeza, njoo. Nitakufungulia mlango na sitakujibu neno. Ukitaka kunyamaza, ni haki yako. Ila picha ya baba naiweka humu ndani ya bahasha, ile aliyopigwa karakanani, penseli sikioni. Haijawahi kuwa yangu peke yangu.

Nisalimie sana shemeji. Nisalimie wanao na wajukuu, na zaidi yule mkubwa, ambaye kitanda kilikuwa chake. Binti yangu anakusalimu. Haya niliyoyaandika bado hayajui, nitamwambia nikishaitia barua posta.

Na pokea salamu za baba, neno kwa neno kama alivyonipa: "Mwambie hasira zimekwisha. Mwambie aje na mumewe, wasingoje kuitwa. Na umwambie asibebe ndoo za maji, katika hali ile si vizuri."

Ni mimi,
dada yako.