Kabla Dishi Halijang'olewa

Wanale,
Mbale.
11 Mei 2025

Mpendwa kaka Erisa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo, afande wetu? Racheal na watoto wanaendeleaje huko Jinja? Sisi tu wazima, ila mguu wa Mama unamsumbua na mvua haitupumzishi.

Utacheka kupata barua ya karatasi kama enzi za Baba. Nimempa Mubaraka wa lori la ndizi akufikishie mkononi, kwa sababu jambo hili siwezi kulisema kwa simu. Siku hizi simu naziogopa.

Unajua tulivyolilia mtandao tangu maporomoko ya udongo yalipomfukia dada yetu Topista. Watu wa juu mlimani waliona ardhi inapasuka, wakapiga simu kutuonya, hazikupita. Hata mwili hatukuupata.

Sasa kampuni moja imetufungia dishi la majaribio juu ya paa letu. Linavuta intaneti kutoka angani, bei nafuu, halina hata neno la siri. Kijiji kikaambiwa kichague: tubaki nalo, au ling'olewe tungoje mnara wa simu ujengwe mlimani.

Siku ya kwanza fundi wao, Ridwan, alikuwa akitazama simu zilizojiunga. Akauliza, "Mama, hii simu iko ya nani? Iko karibu sana na sisi."

Iliandikwa Topista wa Mama. Kaka, nilihisi baridi mpaka kwenye meno. Simu ile alikuwa nayo mfukoni siku ile.

Ridwan alisema ni hitilafu, akalifuta jina. Mvua ilipoanza, likarudi. Sasa kila ikinyesha linatokea, na kila mara Ridwan anasema simu hiyo imesogea karibu zaidi. Mama huvuta kiti chini ya dishi na kuongea naye taratibu, kama Topista yuko pale. Mimi hujifungia chumbani.

Jana tulipiga kura. Dishi haliwafikii watu wa juu, na simu zao za vitufe haziwezi kulitumia. Mnara utawafikia wote mlima ukianza kuporomoka tena. Lakini nilijua nikiuchagua ninamnyang'anya Mama mtoto wake, na mkono wangu ukagoma kuinuka. Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua wake, akauchagua mnara. Nililia mbele za watu.

Msalimie Racheal, umbebe Arnold mdogo kwa niaba yangu. Shangazi Wilkista anawasalimu sana. Mungu awafunike huko mliko.

Ila omba ruhusa kambini, kaka. Dishi litang'olewa Jumamosi, na Mama hataki lizimwe kabla hujafika. Anasema mara ya kwanza Topista aliondoka bila kuagwa, hataondoka hivyo tena.

Dada yako akupendaye na anayekungoja,
Namono