Mishahara Imepanda, Muhogo Wangu Umelala

Jumatano. Joto la Changamwe leo halina adabu. Tangu alfajiri leso imenigandia mgongoni. Moyo nao umechafuka. Nimejifungia ndani naandika kwa hizi herufi za Kiarabu alizonifunza marehemu baba, nisije nikatoka nikamtukana mtu barazani.

Sufuria yangu imerudi ndani imejaa.

Wala si leo tu, ni wiki nzima hii. Napika muhogo wa nazi na kuuza hapa mlangoni tangu mume wangu alipofariki. Muhogo ndio unaonilipia chumba hiki. Ndio ulionitoa kwa kakangu Mtopanga, ambako wifi yangu alikuwa akinitazama mkono kila nikimimina chai. Nilitoka pale na sufuria yangu kichwani, nikaapa sirudi.

Mchana kaja mwenye nyumba. Hakukaa hata kitako, kasimama mlangoni akanambia mwezi ukiandama kodi inapanda. Nikamuuliza kwa nini. Akasema watu wa bandarini wameongezwa mshahara, na chumba hiki nikikiacha watakigombania. Nikamwambia mimi si mtu wa bandarini. Akajibu kwamba hilo analijua.

Analijua, na kodi inapanda vile vile.

Na huo mshahara niliuombea mimi! Wakati wa mgomo, wanaume wa mtaa huu walipokuwa wakishinda nyumbani mikono mitupu, sisi wanawake tulikusanyika kwa Mwanajuma, jirani yangu wa ukuta mmoja, tukasoma Yasini, tukaomba wasikilizwe. Hamisi, mumewe, ni kibarua wa kupakua meli kule Kipevu, na siku zile jiko lao lilikuwa halifuki moshi. Nilikuwa nikiwachotea muhogo bure, watoto wakila kwanza. Kwenye dua ile nililia kuliko Mwanajuma mwenyewe.

Na niseme kweli yangu humu, maana hakuna mwingine wa kuisikia. Sijapata kuuza kama siku zile za mgomo. Waliozoea wali walikuja kwa muhogo. Waliozoea nyama walikuja na mabakuli yao, wameinamisha vichwa, wasitake kuonekana. Adhuhuri ikiingia sufuria imekwisha, nami nabandika nyingine. Shida ya mtaa mzima ilikuwa neema kwangu, na bado nilimwomba Mungu aiondoe.

Akaiondoa.

Waliporudi kazini na nyongeza yao tulipiga vigelegele, na mimi nikiwamo. Mshahara wa kwanza tu, mtaa ukabadilika harufu. Asubuhi ni mkate wa boflo na siagi, mchana wali wa nazi, na nyama haingoji tena Ijumaa. Muhogo wangu wanaupita kama hawajawahi kuujua.

Mama Kadzo, anayeniletea nazi kutoka Mikindani, zamani alikuwa akilitua kapu hapa mlangoni tukapatana bei huku tunacheka. Siku hizi akifika kwangu kapu limeshapungua, na bei kaipandisha. Nilimlaumu jana, tena kwa maneno makali. Akanijibu taratibu kwamba nyumba zilizokuwa zikikuna nazi moja leo zinakuna mbili, tena hawaulizi bei mara ya pili, na kwamba yeye naye nyama anainunua bucha lile lile wanalonunua wao, na huko nako bei imepanda. Nikamhesabia pesa zake.

Basi ona mambo haya. Walioacha muhogo wangu ndio hao hao wanaonipandishia nazi ya kuupikia. Na wala hawana nia mbaya. Wanakula tu.

Ijumaa Mwanajuma aliniletea pilau, bakuli la maua limefunikwa kawa. Pilau tamu, sitamdhulumu, nyama tele. Lakini huku kwetu bakuli la jirani halirudi tupu, ni heri ufe. Na mimi cha kulijaza sina ila muhogo. Nikanunua nazi kwa ajili yake yeye tu, nikatia tui zito lote bila kubakisha, nikampelekea. Akapokea kwa mikono miwili, akanishukuru.

Jumamosi asubuhi naanika nguo uani, nikawaona kuku wake wanaudonoa.

Nikamalizia kuanika nguo zangu. Nimwambie nini? Ana wali ndani, ana boflo. Ningekuwa mimi, labda nami ningewamwagia kuku. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba hata kumchukia vizuri siwezi.

Leo, mwenye nyumba alipokwenda zake, nilikata shauri. Nitarudi Mtopanga, nimezwe na wifi yangu. Nikatandika leso, nikaanza kufunga nguo zangu. Nilikuwa nimefikia fundo la mwisho nilipomsikia Mwanajuma anapiga hodi, na kabla sijaitikia karibu, yumo ndani, kichwa wazi.

"Shoga," akanambia, "Hamisi kaachishwa."

Akakaa kitandani pangu akanieleza huku kwikwi zikimkata maneno. Wakubwa wa kazi wamesema kwa mshahara huu mpya watu ni wengi mno, basi wamewapunguza vibarua. Si Hamisi peke yake. Akawataja waume wa nyumba hii na hii, karibu mtaa wetu wote. Akaniuliza watoto atawapa nini.

Nikamkumbatia. Nikamwambia Mungu yupo, asivunjike moyo, tumeona makubwa kuliko haya. Nililia naye, wala hayakuwa machozi ya kujitia. Lakini wallahi, mkono wangu ungali unampapasa mgongo, macho yangu yalikwenda kwenye gunia la muhogo pale pembeni, lililolala tangu juzi. Nikajikuta najiuliza moyoni: kesho sufuria moja itatosha?

Mwenyezi Mungu anisamehe. Nguo nimezifungua, na muhogo nimeshaumenya.