Kompyuta Nzito na Maneno ya Baba

Uwemba,
Njombe.
14 Julai 2002

Mpendwa Kaka Odilo,

Kamwene, kaka. Habari za Tanga na joto lenu? Wifi Eufrasia anaendeleaje na mguu wake? Na Mika, amekwisha kuzoea shule mpya? Sisi huku tu wazima, ila baridi ya mwaka huu haina mfano. Asubuhi majani ya viazi yanakuwa meupe kama yamemwagiwa chumvi, na watoto darasani kwangu wanaandika huku wamekunja vidole ndani ya mikono ya sweta.

Baba hajambo kwa kiasi. Tangu alipopooza Aprili, mkono wa kushoto bado haunyanyuki na maneno hayajarudi. Lakini anakula, anasikia kila kitu, na akikasirika utamjua kwa macho. Dorosela anamwogesha na kumtoa juani kila siku. Mdogo wetu huyu Mungu ampe maisha marefu.

Nakuandikia hasa kukushukuru kwa ile kompyuta uliyotutumia mwaka juzi, ofisi yenu ilipobadilisha mashine. Sijawahi kukueleza vizuri tulivyoitumia. Baba alikaa karibu yangu miezi mingi akinisimulia maisha yake ya ukatekista: safari za miguu hadi Makete na Ludewa, watu aliowafundisha, hata jinsi alivyompata marehemu mama. Yeye alisema, mimi nikapiga chapa. Tulifika ukurasa wa tisini na sita.

Sasa tangu Krismasi kompyuta ilianza kuwa nzito. Si katika kuandika, bali katika kufungua. Unabonyeza programu ya kuandikia, unakwenda jikoni unageuza mboga, unarudi, bado. Siku moja Baba alianza kusema jambo nami nikamwambia, "Ngoja kwanza, Baba, haijafunguka." Akangoja. Ilipofunguka nikamwambia aendelee, akatikisa kichwa, "Limenitoka." Kaka, jambo hilo hadi leo linaniuma, maana wiki tatu baadaye ndipo alipopooza.

Nilikuwa na makosa mengine pia. Maandishi yote yalikuwa ndani ya kompyuta peke yake. Disketi ulizonipa zilikwisha kuharibika, mashine ya kuchapa karatasi hatuna, na kila siku nilijiambia nitakwenda mjini kuhifadhi.

Mwezi Mei nikaipeleka kwa fundi mmoja Njombe mjini. Aliiwasha, akaiangalia kidogo, akasema, "Mwalimu, imejaa takataka. Tuifute yote tuanze upya, itakuwa kama mpya."

"Na maandishi yaliyomo?"

"Yanaondoka yote."

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye vibonye. Nilichomoa waya ukutani kabla hajaendelea, nikaomba radhi, nikaondoka nayo. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Kwake ilikuwa mashine tu.

Mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa mama mmoja wa Makambako, anaitwa Mwanaheri. Ana kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi karibu na stendi, na ufundi wa kompyuta alijifunza Iringa. Jumamosi nikaizungushia blanketi, nikaipakata kwenye basi kama mtoto mgonjwa, nikaenda.

Yule mama hakuigusa kwanza. Aliniuliza maswali kama daktari. Ni programu moja au zote? Zote. Ilianza ghafla au pole pole? Pole pole. Ikishafunguka, unaandika vizuri? Vizuri kabisa. Akavua saa yake, akaiweka mezani, akafungua ile programu ya kuandikia. Dakika nne na nusu. Akaifunga, akaifungua tena papo hapo. Haikuchukua hata nusu dakika.

"Umeona?" akasema. "Mara ya pili haikuhitaji kusoma tena, ilikuwa bado inakumbuka. Kwa hiyo akili yake ni nzima. Shida iko mahali inapokwenda kusoma."

Hata hivyo hakuamini hapo hapo. Alikuta programu saba za ofisini kwenu zinajiwasha zenyewe kila kompyuta inapowashwa, akazizuia. Uzito ukapungua kidogo tu. Akatafuta virusi, hakuna. Akaangalia nafasi ya kuhifadhia, ilikuwa imebaki ndogo lakini ipo. Mwisho akazima redio, akaniambia niweke sikio kwenye kasha wakati anafungua programu. Nikasikia ki, ki, ki, kimya, halafu ki, ki, ki tena.

"Hiyo ni diski ya ndani," akasema. "Inachakaa. Inarudia kusoma mahali pale pale mara kumi ndipo ipate. Ndiyo maana unangoja. Mwalimu, humu una kitu unachokipenda?"

Nikamweleza habari za Baba. Akasema, "Basi tusiiguse kwa lolote lingine mpaka tumtoe mzee."

Tulianza kunakili kwenye disketi. Niliiandika kazi ile katika vipande sita, na vipande vitano vilitoka. Cha sita kikakataa. Akajaribu tena, kikakataa. Akaizima, akaiacha ipoe, akaniletea chai ya tangawizi, akaenda kuswali adhuhuri. Mimi nilibaki nimeshika rozari mfukoni. Aliporudi akajaribu mara ya tatu, na kikatoka, ila kurasa mbili za mwisho zilikuwa alama tupu zisizosomeka. Dakika chache baadaye kioo kikawa cheusi, na diski ile haikuwaka tena. Kama fundi wa kwanza angeifuta, au kama ningengoja hadi likizo, tusingekuwa na hata neno moja.

Nililia pale kibandani, kaka, sikujizuia. Mwanaheri akanishika bega, akasema, "Baba yangu alifia Ujiji, na mimi sijui hata jina la bibi yake. Wewe umerudi na kurasa tisini na nne." Akatia diski nyingine aliyoitoa kwenye mashine mbovu, akanichapia kazi yote kwenye karatasi, na nilipofungua pochi akausukuma mkono wangu. Alichotaka ni nimsomee ukurasa mmoja. Nilimsomea ule wa mama. Sasa programu inafunguka kabla sijakaa vizuri kitini.

Nakushukuru wewe, namshukuru yeye. Bila kompyuta yako nisingeanza kuandika, na bila mikono yake ningebaki na kasha tupu.

Sasa sikiliza jambo ninalokuomba. Zile kurasa mbili zilizopotea ni za safari ya Ludewa, mwaka mama alipokuwa na mimba yangu, na Baba alifuatana nawe ukiwa na miaka sita hivi. Nimejaribu kuziandika upya kwa kumbukumbu, kisha namsomea Baba. Nikiwa sahihi anafumba macho kwa utulivu. Nikikosea anagonga kiti kwa kidole. Tumefika mahali ambapo mto ulikuwa umejaa na hakuna daraja. Hapo nimekwama. Nimesema mlivuka kwa kamba, akagonga. Nimesema mlirudi nyuma, akagonga kwa hasira. Jana nikamwambia, "Basi nitamwandikia Kaka Odilo, yeye alikuwepo." Uso wake wote ukabadilika. Akainua mkono wake mzima, akauweka juu ya bega lake lililopooza, akapapasa pale, huku machozi yanamtoka na anacheka.

Kaka, alikubeba? Niandikie yote unayokumbuka, hata kama ni baridi ya maji tu. Nitamsomea barua yako neno kwa neno.

Msalimie sana Wifi Eufrasia, umpe pole ya mguu. Mwambie Mika shangazi yake anamkumbuka. Dorosela anakusalimu, na Baba amegusa karatasi hii kabla sijaikunja. Bwana awalinde ninyi nyote huko pwani, na akujalie kuona tena uso wa Baba ukiwa na nafasi ya kuja.

Ni mimi dada yako akupendaye na kukushukuru,

Bertila