Mashuka Uliyokunja kwa Namba Yangu

Mpendwa dada Nafula,

Unisamehe kwa kukaa muda huu wote bila kukuandikia. Tangu urudi Bungoma kumuuguza mama yako, Imani amezaliwa, ameota meno, sasa anakimbia, na mimi sijakutumia hata mstari mmoja. Mwanzoni nilingoja nipone ndipo nikuandikie habari njema. Halafu nikangoja watu wa bima wanijibu. Walipojibu, nikaona aibu, kwa sababu jibu lao lina mkono wako ndani na wewe hujui lote.

Naandika nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la vyombo. Kuketi kwa muda siwezi. Ukiona mwandiko umebadilika katikati, ujue nimeenda kulala kidogo nikarudi. Kangemi tulihama. Tuko Dagoretti, nyuma ya soko, chumba cha chini, kwa sababu ngazi zilinishinda. Baba Imani huteka maji kabla ya kwenda mjengoni, ananipangia mitungi karibu na mlango kama mtu anayemwachia mgonjwa dawa.

Unaikumbuka siku ile mashine kubwa ya kufua ilipokwama na maji ndani? Mashuka ya wodi nzima yalikuwa mazito kama mchanga na tuliambiwa tuyatoe kwa mikono. Mimi nilivuta, kitu kikakatika kiunoni. Wengine walidhani nimeteleza. Wewe peke yako ulijua. Uliniambia, "Kadogo, usiinuke. Kaa hivyo hivyo, nishike mimi." Ulinipeleka kwa daktari wa zamu hapo hapo hospitalini, akaandika kwamba nimeumia mgongo kazini, akanipa vidonge vya maumivu na siku mbili za kupumzika. Ile karatasi ninayo mpaka leo. Ni wewe uliyeniambia niiweke ndani ya Biblia, mahali ambapo hakuna mtu hupasafisha.

Siku ya tatu nilirudi, si kwa sababu nimepona. Nilirudi kwa sababu wewe na mimi tulijua vibarua wangapi walisimama getini kila asubuhi wakingoja mmoja wetu akose.

Wakili wangu ilibidi nimweleze haya yote tangu mwanzo, maana mtu wa nje hajui tulivyofanya kazi kule londri. Mashuka kumi, furushi moja. Furushi moja, tagi moja yenye namba ya aliyelikunja. Jioni supavaiza wetu, yule tuliyemwita Mwalimu, anahesabu tagi na kuziandika kwenye rejista. Usipotimiza, kesho yake unakuta mtu mwingine amesimama mahali pako na hakuna wa kumuuliza. Ndiyo maana tulikuwa tunafunikana. Mwenye mtoto mgonjwa alifunikwa. Mwenye mimba changa alifunikwa. Mwenzake anakunja zaidi, anamfungia tagi chache kwenye mafurushi yake mwenyewe, na siku nyingine deni la mkono linarudi. Hatukuwahi kuliita jina lingine. Hatukuwahi kufikiri kuna mtu ataliita uongo.

Wewe ulinifunika miezi minne.

Uliniketisha nyuma ya mashine ya kukausha, juu ya ndoo iliyopinduliwa, chini ya lile dirisha la upande wa hekalu. "Wewe kunja foronya tu," ukasema. "Hizo shuka wachana nazo."

Nikakuuliza, "Na hesabu ya jioni?"

"Hesabu pia wachana nayo. Ama umesahau vile ulinifunika nikienda kumzika baba?"

"Hiyo ilikuwa siku tatu, dada."

"Basi nakulipa na riba. Kunja foronya."

Siku ambazo vidonge vilinilaza pale pale, ulinigusa na ncha ya kiatu, "Amka, hii si gesti," halafu ukaniwekea sweta yako begani niendelee kulala. Ulichelewa kutoka kila siku. Tulitembea mpaka Kangemi polepole kama wazee, umenibebea mkoba, na tukipita pale Westlands ulinicheka: "Watu wanadhani nimeoa bibi mzito."

Na unakumbuka Mwalimu alivyokukuta unafunga namba yangu kwenye furushi lako. Nilidhani siku hiyo tumeisha. Aliitazama tagi, akanitazama mimi kwenye ndoo, akakutazama wewe. "Mimi nataka hesabu itimie," alisema. "Ni mkono wa nani, sijauliza." Akaenda zake. Nilifurahi, dada. Nilimwona kama mtu mwenye huruma. Leo ndio naelewa alikuwa anajua kila kitu na alichagua kuandika kitu kingine.

Ulipoondoka ghafla kwa ajili ya mama, tagi zangu zilianguka siku hiyo hiyo. Wiki haikuisha, mtu mwingine alikuwa mahali pangu.

Sasa nikwambie wamenijibu nini.

Ile fomu ya bima tuliyosainishwa sote kwenye kantini, msichana wa kampuni akitugawia kalamu na kutabasamu, ilisema ukiumia ukashindwa kazi yako miezi sita mfululizo, utasaidiwa mpaka upone au mpaka umri wa kustaafu. Imani alipofikisha miezi mitatu ndipo nikapigwa ile picha ya ndani ya mgongo kwenye hospitali ya serikali. Diski mbili zimeharibika, mshipa umebanwa. Daktari akaandika nisiinue kitu kizito tena. Nikapeleka nakala za karatasi zote kwa watu wa bima. Wakanizungusha karibu mwaka mzima, leta hiki, leta kile, halafu wakaniandikia barua ya ukurasa mmoja. Inasema rejista ya mwajiri inaonyesha mdai alitimiza kazi yake yote, kila siku, kwa miezi minne baada ya tarehe anayosema aliumia. Kwa hiyo hakuumia siku hiyo kiasi cha kushindwa kazi. Kwa hiyo miezi sita haijatimia, maana iliyofuata wameihesabu kuwa ya mimba. Kwa hiyo hapana. Daktari wao amesaini chini. Daktari huyo hajawahi kuuona mgongo wangu. Aliona rejista.

Nilienda ofisini kwao mjini na Imani, maana sikuwa na wa kumwachia. Kijana mmoja wa tai alifungua kompyuta, akanisomea kama mtu anayemsomea mtoto. "Mama, hapa unaonekana ulikuwa unachapa kazi poa kabisa. Halafu ukaacha ukiwa na mimba. Unaona vile inakaa?"

"Inakaa aje?"

"Wamama wengi huumwa na mgongo wakizaa. Ni kitu ya kawaida."

Nikamuuliza, "Wewe umezaa wangapi?"

Mlinzi wa mlangoni alicheka mpaka akageukia ukuta. Kijana hakucheka. Alinipa fomu ya kukata rufaa, akasema nina muda mpaka mwisho wa mwezi huu, na aliniambia hivyo akiwa ameshamwita mtu mwingine kwenye foleni.

Dada, nimekasirika. Nimekasirika hata nikiosha kikombe. Mtoto wangu amejifunza kupanda kwenye kiti kwanza ndipo nimkumbatie, kwa sababu anajua mama hainami. Hakuna aliyemfundisha. Ana umri ambao wenzake wanabebwa mgongoni sokoni, yeye anatembea amenishika kidole, akichoka anaketi chini njiani na mimi nasimama hapo nikimngoja, watu wakinitazama kama mama asiye na roho. Halafu mtu aniambie nilikuwa nachapa kazi. Wanazo karatasi za daktari wa zamu, za yule wa serikali, na ile picha. Wakaziacha zote wakashika tagi. Hesabu iliyotimia ndiyo waliyoiamini, mgongo wenyewe hawakutaka kuuangalia.

Wakili nilimpata kupitia kina mama wa kanisani. Anaitwa Bi Zainabu, mtu wa Mombasa, ana ofisi mjini, orofa ya nne, lifti imekufa, na kesi kama zetu huzifanya bure. Siku ya kwanza nilipanda. Nilipofika juu alinitazama tu akasema, "Usipande tena, mwanangu. Nitashuka mimi." Tangu hapo tunaketi kwenye benchi la fundi wa nguo pale mlangoni, faili magotini mwake, cherehani inalia pembeni.

Nitakuambia ukweli, yeye nilimdanganya kwanza. Aliponiuliza nilikunjaje mafurushi yote yale na mgongo huu, nilimwambia nilijikaza. Akafungua nakala ya rejista aliyoidai kwa watu wa bima, akaweka kidole.

"Kujikaza," akasema. "Nawe hapa kuketi kwenyewe wajishikilia benchi kwa mikono miwili. Mashuka haya kayakunja nani?"

Nikasema ni mimi.

Fundi akasimamisha cherehani. "Wakili, huyu juzi aliangusha sindano akaniita mimi nimuokotee."

Bi Zainabu aligeuza ukurasa. Alinionyesha kitu ambacho mimi nilikuwa sijakiona. Siku ambayo mfanyakazi namba kumi na mbili anatoweka kwenye rejista, siku hiyo hiyo namba thelathini na moja anaanguka kutoka hesabu kamili mpaka mafurushi mawili. Namba kumi na mbili ni wewe. Thelathini na moja ni mimi. "Huyu kumi na mbili ni nani wako?" akaniuliza. Nililia pale kwenye benchi, dada, mbele ya watu wa mjini na haraka zao.

Nilimwambia ni mtu mmoja. Jina lako sijalitoa. Anaijua namba, na angetaka angeweza kulitafuta, lakini ameniambia hatalitafuta mpaka wewe mwenyewe ukubali. Aliniambia pia tulichofanya si wizi. Kazi ilifanyika, mashuka yalifika wodini, wagonjwa walilala. Kilichoandikwa ndicho hakikuwa kweli, na aliyeandika alijua. Lakini maneno yangu peke yangu hayatoshi, maana mimi ndiye mdai. Watasema najitungia. Lazima aseme aliyekunja.

Nilimwomba binamu yako akugusie habari hii kwanza, na nimesikia ulivyomjibu. "Mwambie Kadogo asinitaje." Aliniletea hayo maneno hadi mlangoni, na hakujua aangalie wapi. Najua umepata kazi kwenye londri ya misheni huko, na unaogopa wakisikia uliwahi kufunga namba ya mtu mwingine watakuona mwongo. Hofu hiyo naielewa. Nilikuwa nayo mimi, ndiyo iliyonikalisha kwenye ndoo. Nilimuuliza Bi Zainabu kuhusu hilo kabla ya kumuuliza kitu kingine chochote. Hakuniahidi kwamba hakuna hatari. Alisema kiapo kitaandikwa na sababu zake, kwamba mwenzako aliumia, kwamba msimamizi aliona akaruhusu, na kwamba wewe hukuchukua chochote. Kitaenda kwa watu wa bima pamoja na rufaa, na wakikataa tena kitaenda mahakamani. Mwajiri wako wa sasa hataandikiwa. Lakini akisoma, atasoma. Sitakuficha.

Nilikasirika na wewe pia, nikuambie. Siku tatu. Nilisema, huyu alinibebea miezi minne, sasa neno moja linamshinda. Halafu nikakumbuka vile ulivyokuwa ukitoka jioni mikono imevimba, unaiweka kwenye maji baridi ukisema ni joto tu la mashine. Hukuwa na kazi moja, ulikuwa na mbili, na waliyokuandikia ni moja tu. Kwenye rejista yao namba kumi na mbili inaonekana mtu wa kawaida. Hilo nalo linanichoma. Wakishinda wao, itabaki hivyo: mimi sikuumia, na wewe hukufanya kitu.

Kwa hiyo sikuombi kwa kulia. Nakuomba nikiwa nimesimama. Ukiona huwezi, niambie huwezi, nitakubali na jina lako halitatoka mdomoni mwangu. Lakini usininyamazie, kwa sababu mwisho wa mwezi hautungoji sisi tumalize kuogopa.

Msalimie mama. Mwambie Imani ana paji la uso kama lake, ingawa hatuna damu moja. Wewe ni dada yangu, na hilo hakuna fomu niliyolisainia.

Ukikubali, haya ndiyo ninayohitaji bado. Kiapo chako, ukiandike kwa maneno yako ya kawaida, ukiape mbele ya wakili yeyote hapo Bungoma anayeruhusiwa kuapisha watu, na muhuri uwe kwenye kila ukurasa, maana bila muhuri wanasema ni karatasi tu. Ndani yake usisahau maneno ya Mwalimu, uyaandike vile vile alivyoyasema, na uliposimama, na nani mwingine alikuwa karibu. Nakala ya kitambulisho chako, mbele na nyuma. Kadi yako ya zamani ya kazi yenye namba kumi na mbili, kama hukuitupa. Lile daftari dogo la shule ulilokuwa ukiandika kila siku ngapi ni zako na ngapi umenifungia, ulilosema ni la kuhakikisha hunizidishii. Hilo tuma lenyewe, usitume picha yake, nitakurudishia. Na namba ya simu ambayo utaipokea Bi Zainabu akipiga. Weka vyote kwenye bahasha moja, uipe basi la asubuhi kwa jina langu. Nitaenda kuichukua mwenyewe. Bahasha naweza kubeba.

Mdogo wako,
Mama Imani